Kisanduku cha Saba

Ofisi yetu imekaa juu ya jabali,
ngazi arobaini na moja kutoka kwenye lami.
Mfumo mpya ulikuja na kijana kutoka Dodoma,
akatufundisha siku mbili, akala sato, akaondoka.

Zamani ilikuwa karatasi.
Mkuu wa kitengo husimama mlangoni, koti begani:
"Magesa, tia sahihi hapo, nitakueleza baadaye."
Baadaye ile ingali njiani.

Sasa hakuna mlango wa kusimama.
Ombi linaingia na namba yake,
na visanduku tisa visipojazwa
kitufe cha IDHINISHA kinabaki kijivu, kama jicho la samaki wa jana.

Jumatatu, ombi namba 0217.
Watu wa uvuvi wanataka kamera
ielekee ghala la mabati, Kirumba, nyuma ya mwalo:
nyavu haramu huingia usiku, hulala humo.

Kisanduku cha kwanza, nani? Bugingo Mafuru, mwenye ghala.
Cha pili, kosa gani? Wamejaza vizuri.
Cha tatu, kwa nini kamera, si macho ya mtu?
"Kwa sababu za kiusalama."
Nikarudisha.
Likaja tena: "Mtu wetu wa kwanza alitambuliwa,
akanunuliwa soda, akarudi."
Nikacheka peke yangu, nikapitisha.

Cha nne, muda. Siku tisini, wanasema.
Mimi mtoto wa Ukara, msinifundishe nyavu;
nyavu gani inayokaa ghalani siku tisini?
Tukakubaliana kumi na nne,
saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri.

Cha saba ndicho kilichonikosesha chakula cha mchana.
Nani mwingine ataonekana, asiyehusika?
Wameandika: HAKUNA.

Nikafungua video ya majaribio
(hata hiyo haikuwa na kibali).
Kushoto, ghala. Kulia, nusu nzima ya picha,
kichanja cha dagaa, ndoo ya bluu, mlango wa pazia,
na mwanamke anayetoka saa tisa na nusu usiku
kutandaza turubai, mvua ikitisha upande wa ziwa.
Ana khanga moja.
Anakohoa. Anakaa juu ya ndoo,
anahesabu noti kwa tochi ya simu,
anahesabu tena, labda zimezaana.

HAKUNA.

Nikauliza jina lake. Jioni hiyohiyo wakaniletea:
Limi Ng'wandu, mjane, watoto watatu,
anadaiwa na kikundi marejesho ya miezi miwili.
Sikuwa nimeuliza yote hayo.

Nikaliandika jina kwenye kisanduku cha saba.
Nikaagiza kamera igeuzwe kushoto,
pazia litoke, kichanja kitoke, video ifutwe.
Hapo ndipo kitufe kikawa kijani.

Siku ya kumi na nne, saa sita usiku,
mfumo ukajifunga wenyewe, bila kuamriwa na mtu.
Kama nyavu zilikamatwa au la,
hayo yako kwenye faili jingine.

Jumamosi mke wangu akanituma dagaa.
Kirumba jua linachoma, korongo wamesimama
kama mgambo wasiolipwa mshahara.
Sikuchagua kichanja; miguu ilichagua.
Ndoo ya bluu ipo palepale.

"Mwangaluka, Bi Limi."

"Mwangaluka," akaitika, kikopo kikaganda hewani.
"Jina langu kakupa nani?"

Mfumo huandika kila kitu:
nani kafungua, saa ngapi, kwa kompyuta ipi,
kaitazama video dakika ngapi.
Mimi dakika kumi na tisa.
Wala hakuna mahali unapouliza
ukishafuta, utafutaje.

"Nimesikia wakikuita," nikadanganya.

Akanitazama. Akapima vikopo vitano,
akaongeza kimoja cha bure,
nami nikaubana ulimi usimwulize
kile kikohozi kimefikia wapi.